Mtaa Ndani ya Chupa: Marashi, Harufu na Historia ya Mji wa Bukavu

Mwaka 1966 mbunifu wa mavazi Yves Saint Laurent alifungua duka katika barabara ya Tournon mjini Paris, upande wa kushoto wa mto Seine, akaliita Rive Gauche, yaani ukingo wa kushoto. Miaka mitano baadaye, mwaka 1971, jina hilohilo lilipewa marashi. Upande huo wa mji ulikuwa na sifa yake: vyuo, maduka ya vitabu, mikahawa ya waandishi, na vijana ambao mwaka 1968 walijenga vizuizi vya mawe barabarani. Marashi hayo hayakudai kunukia karatasi wala moshi wa mabomu ya machozi. Yalichukua sifa ya mtaa, yakauacha mtaa wenyewe. Tangu hapo biashara ya kuuza mitaa ndani ya chupa imekua. Mjini New York kampuni ya Bond No. 9, iliyoanzishwa mwaka 2003 na kupewa jina la anwani yake, imeuza marashi mengi yenye majina ya mitaa na barabara za mji huo: Wall Street, Riverside Drive, Chinatown na mengineyo. Aliyepata kupita Chinatown wakati wa soko anajua kwamba pua hukutana kwanza na samaki, barafu inayoyeyuka na matunda yaliyoiva kupita kiasi. Ndani ya chupa ya mwaka 2005 yenye jina hilo mna maua ya mpichi, gardenia na iliki. Samaki hawamo.

Si haki kuwalaumu watengenezaji kwa uchaguzi huo, maana hakuna anayenunua marashi ili anukie samaki. Hata hivyo, kwa mwanahistoria uchaguzi ni ushahidi. Anayeupa mtaa harufu anaamua ni nani wa mtaa huo atakayekumbukwa na nani atakayefutwa. Makala haya yanalichukua jambo hilo na kulipeleka Bukavu, kwenye ncha ya kusini ya Ziwa Kivu, mji ulio mbali na meza za wauza marashi, lakini ambao mipaka ya mitaa yake ilichorwa kwa hoja zilizohusu pua kwa kiasi kikubwa kuliko inavyokumbukwa kwa kawaida.

Kiswahili chenyewe kina neno la kusema kabla ya safari hiyo kuanza. Tofauti kati ya kunuka na kunukia imebebwa na kiambishi kimoja tu, kile cha kutendea. Kinachonuka kinanuka tu, awepo mtu asiwepo. Kinachonukia kinamnukia mtu. Lugha imekwisha kuamua, kwa njia ya sarufi, kwamba uzuri wa harufu ni jambo la uhusiano. Neno manukato limetoka katika shina hilohilo. Marashi limetokana na kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kunyunyiza, na chombo cha kunyunyizia kingali kikiitwa mrashi. Uturi, udi, ubani, miski, ambari, zabadi: kila neno katika orodha hii ni kipande cha historia ya biashara ya Bahari ya Hindi. Ambari ya pwani ya Zanji ilitajwa na al-Masudi katika karne ya 10. Zabadi ilikamuliwa kutoka kwa fungo, mnyama ambaye harufu yake mbichi haina uhusiano wowote na kunukia.

Katika miji ya mwambao harufu ilikuwa na wakati wake na mahali pake mwilini. Kikuba cha rehani, asumini na waridi kilikaa kifuani au nyweleni. Nguo zilifukizwa udi juu ya chetezo. Liwa ilipakwa usoni. Arusi ilikuwa na harufu yake, na maziko yalikuwa na yake. Ni nadra kukuta marashi yaliyopewa jina la mtaa. Mahali palipojipatia sifa ya kunukia ni kisiwa kizima, nacho ni Pemba, kwa sababu ya karafuu zinazoanikwa juani wakati wa mavuno. Sifa hiyo husemwa kwa fahari, na ni halali yake. Lakini mashamba ya karafuu yaliyoenea Unguja na Pemba wakati wa Seyyid Said yalifanya kazi kwa mikono ya watumwa, na utumwa haukufutwa kisheria katika visiwa hivyo hadi mwaka 1897. Vivyo hivyo kwa langilangi ya Ngazija na Nzuwani: katika karne ya 20 mafuta yake yalisafirishwa kwenda Ufaransa kuingia katika marashi ya gharama kubwa, na walioyachuma maua hayo alfajiri hawakuandikwa kwenye kibandiko chochote.

Maneno haya ya mwambao yalifika bara pamoja na misafara. Ujiji, Nyangwe na Kasongo zilikuwa vituo vyake vikubwa katika nusu ya pili ya karne ya 19. Falme za Bushi, yaani Kabare na Ngweshe, hazikuwa chini ya wafanyabiashara hao, na Kiswahili kilikita mizizi mahali panapoitwa Bukavu baadaye zaidi, kwa njia ya askari, wafanyakazi kutoka Maniema, misheni na mashamba ya walowezi. Kwa hiyo marashi na sabuni viliingia katika nchi iliyokuwa tayari na utaratibu wake wa harufu. Katika eneo zima la Maziwa Makuu wafugaji walijipaka siagi ya ng'ombe, na vyombo vya maziwa vilifukizwa kwa majani na vijiti vyenye harufu nzuri. Jina la Bukavu lenyewe huelezwa kuwa linatokana na neno la Kimashi nkafu, yaani ng'ombe: mahali pa ng'ombe. Likiwa ni kweli, basi mji huu ulipewa jina na zizi, na yeyote ambaye angetaka kuanza na asili yake angelazimika kuanza na samadi na maziwa.

Kituo cha utawala wa kikoloni kiliwekwa hapo mwaka 1901. Mwaka 1927 mji ukabatizwa Costermansville, kwa heshima ya Paul Costermans, na jina la kwanza halikurudi hadi miaka ya 1950. Mwaka 1928 iliundwa Comité National du Kivu, iliyogawa ardhi kwa walowezi. Kahawa, chai, pareto na mkwinini vikapanda milima. Kimo cha mita zipatazo 1,500, hewa ya baridi na rasi zinazoingia ziwani vilimfanya Mbelgiji aone hapa mahali pa kupumzika. Nyumba za mtindo wa miaka ya 1930 na 1940, zenye kuta zilizopinda na baraza zinazotazama maji, zilizungukwa na bustani. Huo ndio Bukavu unaoonekana katika picha nyingi za zamani, na kama mtengenezaji wa marashi angetumwa na gavana, chupa yake ingejazwa papo hapo: waridi, mikaratusi, majani yaliyofyekwa, hewa ya ziwa asubuhi.

Bustani hizo zilikuwa na ukuta usioonekana. Madaktari wa Ulaya wa karne ya 19 waliamini kwamba malaria huletwa na hewa chafu. Jina lenyewe la ugonjwa huo, kwa Kiitaliano, lina maana ya hewa mbaya. Ronald Ross alipothibitisha mwaka 1897 kwamba mbu ndiye mwenezaji, hoja ya harufu ilistahili kufa. Haikufa, ilibadili vazi. Katika miji ya Kongo ya Kibelgiji makazi ya Wazungu na ya Waafrika yalitenganishwa kwa ukanda mtupu, na umbali ambao mbu anaweza kuruka ukatumiwa kama kipimo cha umbali unaofaa kati ya binadamu na binadamu. Lugha ya afya na lugha ya chuki zilitumia msamiati mmoja. Mwafrika aliyeruhusiwa kuingia mtaa wa Wazungu kupika, kufua na kulea watoto, yaani kufanya kazi za karibu kabisa na mwili wa mwajiri wake, alitakiwa kutoka usiku, kana kwamba harufu yake ilibadilika jua lilipotua.

Bukavu haukuhitaji kufyeka ukanda mpana, kwa kuwa milima na mabonde yalikwisha kufanya kazi hiyo. Ibanda ilikaa kwenye rasi na miteremko ya ziwani. Kadutu ilipandishwa mlimani, ng'ambo ya kijito cha Kawa. Bagira ilijengwa mbali zaidi katika miaka ya 1950 na Office des Cités Africaines, shirika la nyumba lililoundwa mwaka 1952 na lililofanya kazi pia Léopoldville, Élisabethville, Stanleyville na Usumbura. Nyumba zake zilipangwa kwa mistari, na familia iliyopewa nyumba ilifunzwa pia namna ya kuishi ndani yake. Sabuni ilikuwa sehemu ya mafunzo hayo. Huileries du Congo Belge, kampuni ya Lever iliyopewa mashamba ya michikichi mwaka 1911, ilikamua mawese kwa kazi ya Wakongo, na sabuni ikarudi kuuzwa kwa Wakongo haohao kama somo la ustaarabu. Si ajabu kwamba katika kumbukumbu za wazee wa miji ya Kongo sabuni ni kitu cha heshima na cha kero kwa wakati mmoja.

Mgawanyo huo haujafutika. Ibanda, Kadutu na Bagira zimebaki kuwa komini tatu za mji, na mtu akitaja moja ya majina hayo huwa amekwisha kusema mengi kuhusu ada ya nyumba, umeme na maji. Kadutu ndiyo iliyobeba mzigo mkubwa zaidi. Vita vya mwaka 1996, vilivyoufikia mji mwishoni mwa Oktoba, vile vya Agosti 1998, na ukosefu wa usalama vijijini ulioendelea baadaye, viliwasukuma watu wengi kutoka milimani kuja mjini. Miteremko ambayo wapimaji wa kikoloni waliiacha wazi kwa sababu ya mmomonyoko ilijaa nyumba za mbao zilizobanana. Kwa Nyamugo na Nkafu moto umekuwa mgeni wa mara kwa mara, na mvua huleta maporomoko. Kijito cha Kawa kinabeba taka za pande zote mbili hadi ziwani. Mtu wa Ibanda husema kwamba Kadutu inanuka. Kauli hiyo ina ukweli wa pua, kwani pasipokuwa na mifereji wala magari ya taka hapawezi kunukia. Lakini husemwa kama vile ni tabia ya watu, na hapo ndipo hoja ya daktari wa kikoloni inaporudi kinywani mwa mjukuu wa yule aliyefukuzwa jioni.

Harufu iliyo juu ya zote katika Kadutu ni ya makala. Msomaji wa mwambao asidhani kwamba ni insha zinazochomwa: katika Kiswahili cha Kivu makala ni makaa, na neno hilo linapatikana pia katika Kilingala. Kila jioni moshi wa majiko hutanda juu ya miteremko kama blanketi. Makala hayo yana asili inayoweza kufuatwa. Sehemu yake imetoka, kwa miaka mingi, katika msitu wa Kahuzi-Biega, magharibi ya mji. Msitu huo ulitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1970, ukiwa na kilomita za mraba 600, na mwaka 1975 ukapanuliwa kufikia takribani 6,000. Mwaka 1980 UNESCO ikauingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Batwa waliokuwa wakiishi ndani yake walitolewa katika miaka ya 1970, bila ardhi nyingine. Mwaka 1994 kambi za wakimbizi kutoka Rwanda, zikiwamo za Kashusha na Inera, ziliwekwa karibu na mpaka wa hifadhi, na miti ikaanguka kwa kasi mpya. Baada ya hapo makundi yenye silaha yaligundua kwamba gunia la makala ni fedha. Mwaka 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu uliosema kwamba haki za Batwa wa Kahuzi-Biega zilivunjwa. Sufuria la maharagwe linalochemka Cimpunda au Kasali, kwa hiyo, limekaa juu ya historia ndefu, na mama anayelipepea jiko hana chaguo jingine la nishati aliloachiwa.

Harufu ya pili ni ya sambaza. Samaki huyu mdogo, jamaa wa dagaa, akikaushwa au kukaangwa huupa mji alama ambayo mwenyeji hutambua akiwa amefumba macho. Vijana wengi humdhania kuwa wa kale kama ziwa. Sivyo. Ziwa Kivu lilikuwa na aina chache za samaki, na Limnothrissa miodon aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, mwaka mmoja hivi kabla ya uhuru. Uvuvi wake wa biashara ulishika kasi mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980, kwa mitumbwi inayofungwa pamoja na taa zinazowashwa usiku kuvuta makundi ya samaki. Asubuhi mizigo hushuka Beach Muhanzi na kutawanyika masokoni juu ya vichwa vya akina mama. Katika muda wa kizazi kimoja au viwili mnyama mgeni amekuwa kielelezo cha mahali. Jambo hili linapaswa kumtahadharisha yeyote anayesaka harufu asilia ya mtaa: pua ina kumbukumbu kali, lakini kalenda yake ni fupi.

Mkwinini ni kesi ya aina nyingine. Japani ilipoiteka Java mwaka 1942, nchi za Magharibi zilipoteza chanzo kikubwa cha kwinini duniani, na mashamba ya Kivu yakawa na thamani ya kivita. Kiwanda cha Pharmakina cha Bukavu kimeendeleza kazi hiyo kwa miongo mingi, na magome kutoka milimani yameusaidia mji kuishi hata pale mashamba mengine yalipokufa baada ya Mobutu kutangaza hatua za kuzifanya mali za wageni kuwa za Wazaire, Novemba 1973. Gome la mkwinini halina harufu ya kusifiwa. Lina uchungu. Zao lililoifanya Bukavu ijulikane katika maduka ya dawa ya mbali lisingeweza kuingia katika marashi kwa namna yoyote, na hii ni kasoro nyingine ya kuusoma mji kwa pua peke yake.

Katika komini ya Ibanda, njiani kuelekea Panzi, kuna mahali panapoitwa Essence. Kwa Kifaransa neno hilo lina maana mbili zinazokaa mbali: kiini cha harufu kilichokamuliwa kutoka katika ua, na petroli. Msomi aliyefunzwa Paris angeweza kufurahi kwamba Bukavu una mtaa wenye jina la marashi. Furaha hiyo ingekoma haraka, kwa kuwa katika matumizi ya kila siku ya Kongo essence ni kile kinachotiwa katika pikipiki. Mahali penyewe pana soko, vumbi wakati wa kiangazi, tope wakati wa masika, mandazi, samaki, na petroli yenyewe. Ni ajali ya lugha tu, na haifai kuigeuza kuwa fumbo. Hata hivyo inaonyesha jinsi majina ya mitaa ya miji hii yanavyozaliwa: hayachaguliwi ili kuvutia, hutokana na kitu kilichokuwa pale watu walipohitaji kuelekezana njia.

Ugumu wa utafiti wa namna hii unajulikana. Harufu haihifadhiki katika jalada, na Bukavu ni mji ambao hata majalada yake yamepita katika mikono mingi ya silaha: 1996, 1998, Juni 2004, na tena Februari 2025, wapiganaji wa M23 walipoingia mjini. Kinachobaki ni ushahidi wa mdomo. Mtafiti anayeuliza juu ya mwaka au cheo mara nyingi hupata jibu fupi. Anayeuliza jikoni palinukaje, nguo za arusi zilifuliwa kwa sabuni gani, upepo wa jioni ulileta nini, hufunguliwa mlango mwingine. Mbinu hii inahitaji uangalifu, kwani mtu aliyekimbia nyumba yake huipamba, na shamba la baba hunukia zaidi likiwa limepotea. Lakini upambaji huo nao una tarehe na sababu, na unaweza kuchunguzwa kama maandishi yoyote.

Ipo mitaa iliyokwisha kuhamishwa pamoja na harufu zake bila msaada wa mtengenezaji wa marashi. Mjini Bruxelles, katika manispaa ya Ixelles, karibu na Porte de Namur, kuna mtaa unaoitwa Matonge, kwa jina la mtaa wa Kinshasa. Ulianza kuchanua katika miaka ya 1960, kando ya bweni la wanafunzi wa Kikongo, na baadaye ukavuta maduka, saluni na migahawa. Wakivu nao hununua humo. Ndani ya maduka hayo, kati ya mafuta ya nywele na vitenge, mna sombe, mawese na samaki wakavu, na mlango unapofunguliwa harufu hutoka hadi kwenye baridi ya barabarani, wapita njia Wabelgiji wakageuza shingo.